Nyambizi: niache uhalisia wote au nipunguze?

Wakuu habari, naomba ushauri. Nacheza Silent Hunter III, gemu ya kompyuta ya nyambizi za Kijerumani za Vita vya Pili vya Dunia, natumia nyambizi ya Type VII, nimewasha karibu mipangilio yote ya uhalisia, betri zinaisha, kamera ya nje hakuna, topido (makombora ya chini ya maji) nalenga mwenyewe. Hapo kwenye kulenga ndo nakwama, nainua periskopu (darubini ya kuchungulia juu ya maji) nipime kimo cha mlingoti nipate umbali, halafu kasi, halafu pembe ya meli, yaani imeelekea wapi ukilinganisha na mimi, namaliza meli ishapita au manowari ya kusindikiza ishaniona. Nimejaribu kumwachia ofisa wa silaha apige hesabu, topido zinapiga kweli ila utamu wote unakata. Betri sizigusi, hiyo ndo raha yenyewe. Nyie mnazima kipi mnaacha kipi? Na kasi ya meli mnaipataje bila kuanika periskopu muda mrefu?