Kila mwaka mnakuja kutuuliza vipaumbele, majibu hamrudishi. Boma la zahanati yetu sasa linaota mbarika

Wakuu, heshima kwenu. Leo acha niseme, nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Mtendaji wa kijiji ameshapita na kipaza sauti kutangaza mkutano mkuu. Ajenda kubwa ni kuibua miradi kwa ajili ya bajeti ijayo. Mnaoishi vijijini shughuli hii mnaijua. Anakuja afisa kutoka halmashauri na karatasi kubwa na kalamu za rangi, anabandika ukutani pale shuleni, kisha anauliza: "Ndugu wananchi, vipaumbele vyenu ni vipi?" Tunajibu zahanati. Anaandika ZAHANATI kwa herufi kubwa, namba moja. Makofi. Picha. Daftari la mahudhurio linazungushwa (hapo ndipo utawaona wako makini, asitoke mtu bila kusaini), gari linawashwa, wameondoka. Mwaka unaofuata wanarudi na karatasi mpya nyeupe na kutuuliza swali lile lile, kama vile hatujawahi kuonana.

Sasa njooni mlione hilo boma, yaani kuta zisizo na paa. Tumelijenga wenyewe. Kila kaya ilichanga shilingi 10,000, asiye na hela alitoa nguvu kazi. Vijana walichimba msingi, akina mama walisomba maji kwa ndoo kichwani, wazee walikaa zamu ya kulinda saruji usiku. Tukafika usawa wa lenta. Tuliambiwa, na ndivyo wanavyoambiwa wananchi karibu kila wilaya nchi hii, nyie fikisheni boma, halmashauri itaezeka na kumalizia. Tukafikisha.

Leo chumba kilichopangwa kiwe cha kujifungulia kimeota mbarika mrefu kuniliko. Tofali za juu zinamomonyoka kila masika kwa kuwa hakuna kinachozifunika. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo, ukizishika unaondoka na kutu kiganjani. Mifuko ya saruji iliyobaki iligandia stoo ya shule, sasa watoto wanaikalia wakati wa mapumziko. Na mjamzito akishikwa na uchungu usiku anapakiwa kwenye bodaboda hadi kata ya jirani, ng'ambo ya mto. Mto ukijaa, mnasubiri upungue. Uchungu nao usubiri?

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM, ulisema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ulianza 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana kadi ya mpiga kura.

Nimekuwa kwenye kamati ya ujenzi, hivyo nimefuatilia ofisini. Jibu ni moja siku zote: "ukomo wa bajeti." Kwa msioelewa, ni hivi. Tunayoyasema mkutanoni yanapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, yanakwenda halmashauri, wataalamu wanayachambua, madiwani wanapitisha, yanapita mkoani na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na halmashauri. Huku juu Hazina imeshaweka kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Kinachozidi kinakatwa. Sawa, hela haitoshi, hata nyumbani kwangu haitoshi. Siwalaumu kwa kukata.

Ninachokilaumu ni ukimya. Aliyekata ni nani? Kikao gani? Zahanati yetu ilipitwa na mradi gani, na kwa kigezo kipi? Hakuna aliyewahi kurudi kutuambia. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, maana yake nafasi za kuja kutupa majibu zipo nne kwa mwaka. Mnashindwa hata moja? Kuibua miradi mnakuja kwa gari, kutuambia imekatwa hata barua hamna!

Na msiniambie kujenga haraka haiwezekani. Mwaka 2021 zilipokuja zile trilioni 1.3 za UVIKO kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima kwa miezi michache. Sekondari yetu ya kata ilipata, mazuri tu, yana vigae. Nashukuru. Lakini hakuna aliyekuja na kalamu za rangi kutuuliza. Kumbe hela ikitaka kuja inakuja tu.

Kuna kikundi cha akina mama hapa, ndio waliofyatua tofali za hilo boma bila kulipwa hata mia. Waliomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu) wanunue mashine ya kufyatulia. Wakakutana na lile zuio la Aprili 2023, serikali iliposimamisha mikopo hiyo. Mikopo iliporudi 2024 wakaambiwa waanze upya: usajili, katiba, andiko, akaunti, mhtasari. Nauli ya kwenda na kurudi mjini wanachangishana vikobani. Bure walitufyatulia tofali, mkopo ambao watarejesha ndio umekuwa mlima.

Najua atatokea mjuaji hapa aseme nendeni kwa mbunge, kuna Mfuko wa Jimbo. Tumekwenda. Kamati ya mfuko mwenyekiti wake ni mbunge mwenyewe, jimbo lina vijiji lukuki, tulipewa mabati ambayo hayatoshi hata nusu ya paa, tena bila mbao. Mabati yako kwa mwenyekiti wa kijiji, yamefungwa kwa waya.

Mwingine atasema sisi ni wa upinzani ndiyo maana. Mkuu, hiki kijiji hakijawahi kuwa na mwenyekiti wa upinzani.

Watu hapa wameshakubaliana: safari hii hakuna kutaja kipaumbele chochote, wala hakuna mchango mpya, mpaka afisa atusomee kwanza ya mwaka jana, mstari kwa mstari, kilichopita na kilichokatwa. Akikataa, daftari lake la mahudhurio ataondoka nalo jeupe.

Mnaofanya kazi idara ya mipango humu ndani, nawauliza kwa heshima kabisa: mhtasari wa mkutano mkuu ukishafika halmashauri, mwananchi wa kawaida akitaka kujua mradi wake ulikatwa kwenye kikao gani anaomba nyaraka ipi, na kwa nani? Nipeni jina la nyaraka tu, kuifuata nitaifuata mwenyewe.