Mrejesho: Digrii ya jiolojia na kazi za huku Kusini

Wakuu, niliuliza kama jiolojia ina kazi huku Lindi na Mtwara nje ya gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo. Shukrani, mmenifungua macho: kuna grafati (madini meusi ya kaboni) ya Ruangwa, jasi ya Kilwa, chokaa ya saruji Mtwara.

Somo kubwa ni kusoma sampuli za uchorongaji, yaani vipande virefu vya mwamba vinavyotolewa ardhini kwa mashine ya kutoboa. Kupima ubora wa mwamba, jumlisha vipande vya sentimita 10 na zaidi, gawanya kwa urefu wote uliochorongwa, zidisha kwa 100. Kipande kilichovunjwa na mashine au nyundo kihesabiwe kizima, la sivyo mwamba imara utaandikwa dhaifu. Grafati nayo, chembe kubwa ndizo zenye bei. Ukisaga mno, umeiharibu.