Namba zilizo chini ya besi katika "Masiya" ya Handel: mpiga kinanda azisomeje?

Mwalimu wa kwaya, Mtwara Mjini

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu walimu wa kwaya. Tumeanza kujiandaa kwa ajili ya Noeli, na mwaka huu, pamoja na nyimbo zetu za kawaida, tumeamua kuimba vipande vichache vya "Masiya", kazi ndefu ya kwaya na waimbaji mmojammoja iliyotungwa na Handel, hasa pale Injili ya Luka inapowataja wachungaji waliokaa makondeni wakilinda kundi lao usiku. Sehemu za kwaya hazina shida, kwa kuwa sauti zote nne zimeandikwa na nimekwisha kuzihamishia kwenye solfa (d, r, m, f, s, l, t). Shida iko pale mwimbaji mmoja anaposimulia kana kwamba anasoma somo: hapo pana mstari wake na mstari wa besi peke yake, na chini ya besi zimetawanyika namba, mara 6, mara 7, mara 4 ikifuatwa na 3. Mpiga kinanda wetu anashikilia kuwa kurasa za kinanda ziliachwa wakati wa kutoa kopi. Mimi nina mashaka, kwa sababu mtindo huo huo nimeuona katika kazi za watunzi Bach na Vivaldi. Je, namba hizo zinamwagiza nini mpigaji? Na kwa kuwa hatuna chombo kingine zaidi ya kinanda cha umeme, tuchague sauti gani?

Mpiga kinanda, Masasi

Milele amina, Mwalimu. Kopi yako imekamilika. Ulichokikuta ndicho kilichobeba muziki wa Ulaya katika kipindi cha baroko, yaani kuanzia mwaka 1600 hivi hadi 1750: mtunzi aliandika wimbo na besi, kisha akamwachia mpiga kinanda ajaze sauti za kati papo hapo. Viadana, mtawa Mfransisko wa Italia, alipochapisha mwaka 1602 nyimbo zake za kanisa zenye besi ya kinanda, alieleza katika dibaji kuwa kwaya zenye waimbaji wachache zilikuwa zikilazimika kuimba nyimbo za sauti nyingi huku baadhi ya sauti zikikosekana. Ni tatizo ambalo kwaya zetu nyingi za vigango zinalifahamu vizuri.

Namba inahesabu umbali kutoka noti ya besi kwenda juu, besi yenyewe ikiwa ya kwanza. Noti isiyo na namba yoyote inapewa ya 3 na ya 5. Ikiandikwa 6 peke yake, inapewa ya 3 na ya 6. Ikiandikwa 7, inaongezwa ya 7 juu ya noti za kawaida. Tuchukue besi inayokwenda d, t ya chini, d, f, s, d. Kwenye d ya mwanzo hapana namba, kwa hiyo mkono wa kulia unapiga m na s, pamoja na d nyingine ukipenda. Kwenye t pana 6: ya tatu yake ni r, ya sita yake ni s. Ukirudi d, unafanya kama mwanzo. Kwenye f pana tena 6, nawe unapiga l na r. Kwenye s ndipo panapokuja 4 kisha 3: unaanza na d na r juu ya besi, halafu d inashuka kuwa t wakati r na besi zinabaki mahali pake, na sikio lenyewe litakuambia kuwa wimbo unataka kutulia kwenye d ya mwisho. Noti ipi iwe juu na ipi iwe kati ni uamuzi wa mpigaji, mradi asimfunike mwimbaji.

Usikubali besi tupu. Tena mpigaji wenu, ikiwa amezoea kuwafuata waimbaji kwa sikio katika nyimbo zilizoandikwa solfa bila sehemu ya kinanda, nusu ya kazi hii anaifanya kila Jumapili.

Mchangiaji, Lindi

Naongeza kuhusu sauti. "Masiya" ilisikika mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, katika ukumbi wa muziki na si kanisani, kwa hiyo sauti ya hapsikodi, kinanda cha nyuzi cha zamani, inafaa kabisa, na vinanda vingi vya umeme vinayo. Katika hapsikodi halisi, ukibonyeza, kijiti chenye ncha ya unyoya wa ndege kinapanda na kukwanyua uzi. Ubonyeze kwa nguvu au taratibu, ukubwa wa sauti haubadiliki. Zimeni basi ile sehemu ya kinanda inayofanya sauti ifuate nguvu ya kidole. Kwa kuwa uzi uliokwanyuliwa unanyamaza upesi, wapigaji walizitawanya noti mojamoja kutoka chini kwenda juu badala ya kuzidondosha zote kwa pamoja.

Besi ilikuwa ikipigwa pia na selo, chombo cha nyuzi chenye sauti nzito kama fidla kubwa. Kama kinanda chenu kinaweza kugawanywa, mkono wa kushoto upewe selo na wa kulia hapsikodi. Huko Italia, hasa mwanzoni mwa kipindi hicho, kazi hiyo ilifanywa pia na teobo, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu ambacho ni wa ukoo mmoja na udi tunaousikia katika taarabu ya pwani yetu, na kwangu hilo ni jambo la kufurahisha sana.

Mwalimu wa muziki, Ndanda

Nakubaliana na waliotangulia, ila nasisitiza jambo ambalo naliona kubwa kuliko uchaguzi wa sauti. Katika masimulizi hayo mpigaji asihesabu mapigo kama kwenye wimbo wa kwaya. Mwimbaji anakwenda kwa mwendo wa maneno, na kinanda kinamngoja. Noti ndefu ya besi si lazima ishikiliwe hadi mwisho wake, na zile noti mbili za kufungia mara nyingi hupigwa baada ya mwimbaji kumaliza neno lake la mwisho. Mkiwa na toleo lenye noti ndogo za mkono wa kulia, fahamuni kuwa hizo ni za mhariri, nanyi mna ruhusa ya kuzibadilisha. Bach mwenyewe aliwaanzishia wanafunzi wake wa utunzi na besi hii ya namba kwa sauti nne, ndipo akawapeleka kwenye nyimbo za kanisa. Nami ningewashauri walimu wetu wafuate njia hiyo hiyo.

Mwalimu wa kwaya, Mtwara Mjini

Nawashukuru sana. Limebaki moja: mahali pengine pana alama ya kupandisha peke yake, bila namba.

Mpiga kinanda, Masasi

Alama isiyo na namba inahusu noti ya tatu. Besi ikiwa m katika ufunguo mdogo wa l, na chini yake pana alama ya kupandisha, s inakuwa se, na noti nyingine zinabaki kama zilivyo. Namba iliyokatwa kwa kistari nayo, kama 6 yenye mkato, kwa kawaida inapandishwa nusu toni.