Umoja wa waliosoma shule yetu: mnatukumbuka siku ya michango tu, na wafanyakazi mmewafuta kabisa

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naliweka hapa hadharani. Wasimamizi naomba msiunganishe uzi huu na ule wa michango, hii ni hoja nyingine. Shule siitaji. Wanaohusika watajijua kabla hawajafika aya ya tatu.

Mkutubi wetu wa zamani amefariki. Yule mzee wa kaunta ya maktaba, muhuri wa tarehe mkononi, aliyekuwa akikujua kwa jina la ukoo na kwa kitabu ulichochelewesha. Ameshazikwa. Grupu zima tumepata taarifa baada ya mazishi, tena kwa bahati tu, mwenzetu mmoja alikutana na mwanawe kwenye foleni ya benki. Na wiki ile ya msiba sisi tulikuwa tunafanya nini? Tunabishana rangi ya fulana za maadhimisho, maruni au bluu. Habari ilipowekwa zikaja "poleni" za haraka haraka, kiongozi mmoja akauliza bila aibu, "Huyu ni yupi tena?", kisha fulana zikaendelea.

Msiniambie eti hakukuwa na mawasiliano. Kwenye michango mbona hamumkosi mtu? Aliyehama nchi mnampata. Aliyebadilisha laini mnampata kupitia kwa shemeji yake. Mtu alijitoa kwenye grupu kwa hiari yake mwenyewe, mkamrudisha usiku, asubuhi anaamka na orodha ya wanaodaiwa ahadi, jina lake limekolezwa wino. Uwezo wa kutafuta watu mnao, tena mkubwa kuliko wa polisi. Mnachochagua ni nani wa kumtafuta.

Kuchangia sikatai, na nimechangia. Shule ina paa, paa linavuja, nani atakataa? Ila tangu niingie humo sijawahi kupokea ujumbe wa uongozi usio na namba ya akaunti chini yake. Hakuna "fulani amestaafu". Hakuna "mwalimu wa kemia anaumwa, yuko nyumbani, anapokea wageni jioni". Vijana waliomaliza juzi wanaandika kuuliza kama kuna mtu wa fani fulani awape mwelekeo wa chuo. Tiki za bluu zimejaa, viongozi wamekausha. Akitokea mtu anauliza mapato na matumizi, hapo ndipo wanaamka wote kwa pamoja.

Sasa njooni kwenye hili la wafanyakazi, maana ndilo lililonichefua.

Matroni wetu, mama wa watu, aliwahi kuunganishwa kwenye grupu na binti mmoja wa mwaka wetu. Ameingia, ameandika "Hamjambo wanangu", watu wameanza kumiminika, huyu anauliza afya, yule anamkumbusha usiku wa homa bwenini. Ghafla admini kamtoa! Tukauliza kulikoni, jibu likawa katiba inasema wanachama ni "wanafunzi wa zamani". Mama yule amelea vizazi na vizazi pale, mwanafunzi anakaa miaka yake michache anaondoka. Nani wa zamani zaidi hapo? Mpishi, mlinzi, karani, fundi wa maabara, hawa ndio waliokuwa wanajua nani hajaletewa ada na nani analia usiku. Walimu angalau wanaalikwa siku ya sherehe na kupewa kiti. Hawa wengine hata kwenye picha wanakatwa.

Na siyo suala la huruma peke yake. Mtu kapoteza cheti, anahitaji anayeweza kueleza rejesta ya mwaka ule ilikaa kabati gani. Mtu anataka barua ya utambulisho, mkuu wa shule wa sasa hajawahi kumwona. Anayejua ni karani mstaafu, ambaye namba yake hakuna aliyejisumbua kuiandika.

Halafu kumbukumbu zenyewe ziko wapi? Kwenye simu ya mtu mmoja. Mweka hazina ana jedwali la majina, miaka ya kumaliza, namba na kazi za watu, na halitoi. Ukimwambia shule iwe na nakala anasema tutumie grupu. Grupu la WhatsApp lina mwisho wa watu 1,024, na zamani lilikuwa 256. Shule iliyotoa watu miaka yote hiyo itatosha humo? Akaunti ikikaa bila kufunguliwa WhatsApp, baada ya siku 120 kwa kawaida inafutwa, na mwenye nayo anatoweka kwenye magrupu yote kimyakimya. Wastaafu wetu wengi wanabadilisha simu na laini kila mara. Ndivyo tunavyowapoteza, na hakuna mahali pengine walipoandikwa.

Kuna chuo Marekani, Williams, waliosoma pale waliunda umoja wao mwaka 1821. Rais wa chuo alikuwa ameondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine cha Amherst, watu wakahofia chuo chao kitakufa. Wale watu hawakuwa hata na simu ya waya, na umoja wao upo hadi leo. Ndiyo, najua atatokea mtu aseme "unaona, hata wao walianza kwa kuokoa chuo". Sawa, mkuu. Lakini walikutana kwanza, wakajuana, ndipo wakaokoa. Ninyi mmeanza na namba ya akaunti.

Ninachotaka hakihitaji kikao cha hoteli. Katiba irekebishwe, aliyesoma na aliyefanya kazi pale wote waingie, kwa hiari yao. Orodha ikae shuleni kwa karani, namba za watu zisisambazwe ovyo, na kila mwaka wa kumaliza uwe na mtu wake wa kuihuisha. Msiba, ugonjwa na kustaafu vitangazwe siku hiyohiyo, kabla ya fulana. Na matroni aombwe radhi, na aliyemtoa, siyo na "uongozi".

Mweka hazina, najua unausoma uzi huu kwa ID nyingine. Usije na matusi, njoo na tarehe ya kukabidhi lile jedwali. Mpaka utakapoitaja, ahadi yangu ya mchango wa awamu hii naizuia, na waliomaliza na mimi wameshaniambia wanafuata.