Maksi za maabara kwa uzito wa unga uliolowa: huu ni utani au?

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Tumepewa kutengeneza sulfanilamidi maabara. Kwa wasioijua, ndiyo mzizi wa dawa za salfa: Paul Gelmo aliitengeneza Vienna mwaka 1908, ikakaa tu mpaka 1935 watu wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipoonyesha kuwa ndiyo inayofanya kazi ndani ya Prontosil, dawa ya kuua bakteria. Kazi yenyewe siyo ya mchezo. Asetanilidi, kemikali tunayoanzia, inakutana na asidi ya klorosulfoniki, na hiyo asidi ikionja maji inafoka moshi unaokata pumzi. Unamwaga juu ya barafu, unapata kitu cheupe ambacho hakisubiri kesho, unyevu unakila. Amonia hapo hapo. Kisha unachemsha na asidi hafifu kuondoa kipande cha asetili kilichotoka kwenye asetanilidi, unatuliza kwa baikaboneti, unga unashuka.

Huo unga bado ni takataka! Usafishaji ndio kazi: unauyeyusha kwa maji kidogo yanayochemka, unachuja ungali wa moto, unauacha upoe taratibu fuwele zijijenge, unachuja tena, unakausha mpaka uzito usibadilike. Lazima upoteze kiasi, maana maji baridi nayo yanabaki na chake. Anayesafisha bila kupoteza kitu hajasafisha.

Sasa sikilizeni mwalimu anavyosahihisha. Anaweka mizani mezani, anapima ulicholeta, anaandika maksi. Basi. Haangalii rangi, hapimi joto la kuyeyuka, linaloonyesha kama kitu ni safi. Kifaa cha kupimia kipo, kimefungiwa kabatini, eti wanafunzi watakiharibu.

Tulianza na gramu 5 za asetanilidi. Piga hesabu: hata kila chembe ikigeuka, huwezi kuzidi gramu 6.37 za sulfanilamidi. Kuna jamaa kaleta gramu 7, unga umelowa chapachapa hadi karatasi inavuja. Karibu asilimia 110! Kapewa maksi zote na pongezi juu. Mwalimu wa kemia anaona asilimia 110 na hashtuki?

Mimi nimeleta gramu 3.4, kavu, nyeupe. Nilienda kuomba kifaa idara ya jirani, fuwele zikayeyuka kati ya nyuzi 164 na 165 za Selsiasi, na vitabu vinasema 164 hadi 166. Nikaandika yote kwenye ripoti. Jibu: "Mavuno madogo, uzembe." Nimeponea chupuchupu kufeli.

Nilipouliza nikaambiwa nisikuze mambo, haya ni mafunzo tu. Mafunzo ya nini, kama wengi wetu tunaelekea viwanda vya dawa? Mwaka 1937 Marekani sulfanilamidi hii hii iliuzwa kama dawa ya maji, wakafa watu zaidi ya 100. Dawa haikuwa na kosa. Iliyoua ni dietilini glaikoli waliyoiyeyushia, na hakuna aliyeijaribu usalama wake kabla ya kuuza. Sisi tunafundishwa kwamba kilichomo ndani si hoja, ilimradi mizani inasoma.

Wenzangu wameshajifunza. Wiki hii sikuona hata mmoja akigusa oveni ya kukaushia.

Nataka kukata rufaa. Aliyewahi kupinga maksi za maabara chuoni kwake na akasikilizwa, aniambie alianzia kwa mkuu wa idara au alienda moja kwa moja kwa mkuu wa kitivo. Sampuli yangu bado ninayo, imefungwa vizuri, na iko tayari kupimwa mbele ya yeyote.