Kidato cha kwanza wanaoelemewa: mnawasaidiaje?

Mwalimu wa Geita
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha Jiografia sekondari ya kata huku Geita, na malezi na unasihi pia nimepewa mimi. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza na cha pili wana miaka 13 hadi 15. Wengi kwao ni mbali, wamepanga geto karibu na shule, wanajipikia na kujilea wenyewe. Mvulana akiishiwa unga anakwenda kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, kuponda mawe ya dhahabu, na wengine hawarudi. Wasichana wananunuliwa chipsi na kupewa lifti na vijana wa bodaboda.

Linaloniuma zaidi ni mtoto aliyekuwa aking'ara darasa la saba. Huku anakuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Akiulizwa ananyamaza, wenzake wanacheka. Siku nyingine ukimgusa kidogo tu anawaka, anatupa daftari, anatoka. Ofisini wanasema ni jeuri, achapwe. Mimi naona ameelemewa. Nimfundisheje kutuliza hasira, kusema yanayomsibu na kuinuka tena? Semina nimehudhuria, naomba mliyoyafanya kwa mikono yenu.

Mama Neema, mwalimu mstaafu
Mwanangu, hongera kwa kumtazama mtoto kabla ya kosa lake.

Anza na tumbo. Aliyelala njaa geto hana nguvu ya kujizuia. Ongea na mkuu wako na bodi, wazazi wachangie mahindi, uji upatikane saa nne.

Kisha gawa darasa vikundi vidogo, na humo waache waongee Kiswahili, hata Kisukuma. Huwezi kumtaka mtoto aeleze uchungu kwa lugha inayomtia aibu. Kila mmoja aseme jambo lililomkera wiki hiyo na alilolifanya. Asichekwe, wala wewe usihubiri. Halafu waigize: kijana wa bodaboda anasema "panda nikufikishe", mwenzako amekutukania mama. Wajibu kwa sauti, wasimame, warudie. Binti aliyeshasema "sitaki, nitatembea" mbele ya wenzake, barabarani ulimi haumgandi.

Anayewaka, kubaliana naye ishara mkiwa wawili tu. Akigeuza daftari kifudifudi, umruhusu akanawe uso bombani na arudi bila kuhojiwa mbele ya darasa. Mzungumze baadaye, ametulia. Mpe na kazi ya kuaminiwa. Mimi mvulana mmoja mkorofi nilimkabidhi funguo za stoo ya majembe. Akawa wa kwanza kufika asubuhi, na kila jembe akilijua lilipo.

Afisa Ustawi
Mwalimu, naongeza mawili. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka idhini ya mkuu wa shule, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Waonyeshe wenzako ofisini.

La pili, mtoto mwenye alama za kipigo au aliyechezewa si wa kikundi. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, na ustawi wa jamii halmashauri tujulishwe. Hao waliopotelea machimboni wafuate: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu walioacha shule kurudi, wakiwemo waliopata ujauzito.

Mwalimu wa Geita
Asanteni sana. Mama, darasa limejaa mno. Vikundi vyote hivyo nitaviongoza vipi peke yangu?

Mama Neema, mwalimu mstaafu
Tumia kidato cha tatu, hasa waliopita maisha hayohayo ya geto. Usiwachague kwa alama. Chagua wale ambao wadogo wanawafuata wenyewe. Kaa nao siku moja kabla, mpitie maswali pamoja. Wewe zunguka, usikilize. Na uwaambie mapema: mdogo akianza kueleza kupigwa au kushikwashikwa, wasimchimbe maswali wala wasilisimulie bwenini au geto. Waje naye kwako siku hiyohiyo.