Naomba ushauri: ncha ya kidole cha mtoto, kucha imelala juu ya ngozi

Jambo wapendwa. Tuko Bukavu, kituo kidogo cha afya. Mtoto wa miaka 9, kilo 26, alibanwa kidole cha kati na mlango wa chuma siku 3 zilizopita. Ncha imeinama kuelekea kiganjani. Kwingine alifungwa kijiti, ikidhaniwa ni mshipa wa kunyoosha kidole uliokatika.

Lakini shina la kucha limetoka nje, limelala juu ya mkunjo wa ngozi, na damu bado inachuruzika hapo. Radio (picha ya eksirei) ya mbele ilionekana safi. Ya upande, kidole kimoja peke yake, ndiyo iliyoonyesha gegedu ya ukuaji (sehemu laini ambapo mfupa wa mtoto hurefukia) imepanuka upande wa juu. Kwa hiyo ni mvunjiko wenye kidonda, na naamini nyama inayozaa kucha imenasa ndani. Ikibaki humo, mfupa haurudi hata ukivutwa. Usaha ukiingia, kidole kinaweza kuacha kukua.

Tumeanza antibiotiki, pepopunda amechanjwa. Mpango: ganzi ya lidokaini 1% kwenye shina la kidole, mililita 2, kutoa kucha, kuosha sana kwa serumu ya chumvi, kuinua nyama iliyonasa bila kukwangua gegedu, kunyoosha, kisha kurudisha kucha chini ya mkunjo.

Naomba wenye uzoefu: baada ya siku 3, mnapitisha waya wa kushikilia mfupa, au kijiti cha wiki 4 kinatosha mfupa ukitulia? Na antibiotiki mnatoa siku ngapi? Hospitali yenye waya ni mbali, ila nikiambiwa ni lazima, anapelekwa leo.